Shilamu ya Bhikam

Katika ukoo wetu wa Malkana ni watu wawili tu waliojua kuvuta buruma, kile kiko cha maji: binamu yangu Bhikam na mimi. Mimi nilikuwa hodari zaidi, lakini leo nawasimulia habari zake yeye. Sifa zangu zitajipenyeza zenyewe, nazijua.

Bhikam hakuwa tajiri wala msomi. Alikuwa na maksai wawili, mke mwenye ulimi wa wembe, na binti mmoja, Sarupi. Kilichompa jina pale kijijini petu Nagla Tikri, na hata njiani kwenda Agra, ni tumbaku yake. Aliiponda kwa sukari guru akaivundika chunguni, na harufu yake ikikufikia shambani unatupa jembe. Kila jioni wanaume tulikaa uwanjani pake, na shilamu, ule mwanzi unaotiwa mdomoni, ukapita mkono kwa mkono. Ukinyimwa shilamu hiyo, wewe si wa ukoo. Ukipewa, basi ni wetu, hata kama nyati wa maziwa uliyekuja naye ni wa wizi.

Na dini? Msinichekeshe. Babu zetu walikuwa Warajputi, Wahindu wa tabaka la wapiganaji, wakaingia Uislamu zama za wafalme wa Delhi, lakini waliingia mguu mmoja, wa pili wakausahau nje. Tulizika maiti wetu, tukawatahiri wana wetu, na tukikutana tunaamkiana "Ram Ram" ya Kihindu. Harusini alikuja kadhi, akaja pia pandita, kuhani wa Kihindu, wote tukawashibisha. Kwa karani wa kodi yeye alikuwa Bhikam Khan. Ukweni alikuwa Bhikam Singh, jina la Kirajputi. Hakuna aliyeumwa kichwa.

Mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na tatu watu wa mjini wakakumbuka kwamba tupo. Siasa za kura na mabaraza zilikuwa zimeanza, na kila upande ulitaka vichwa vingi. Wakaja mapandita na samli na moto wao wa kututakasa, turudi Uhindu. Vumbi lao halijatua, wakaja mamaulana kutufundisha sala. Tulihubiriwa mpaka nyati wakakauka maziwa. Mijini watu walirushiana mawe. Sisi tulirushiana macho, na macho nayo yanauma.

Umrao, mdogo wake Bhikam, akafuga ndevu akawa mtu wa msikiti. Todar wa Barauda, baba wa mchumba wa Sarupi, akatakaswa pamoja na kijiji chake kizima, na siku hiyo Warajputi wakubwa wakavuta naye buruma moja, heshima ambayo babu yake aliinusa tu kwa mbali.

Harusi ikakaribia. Todar akaja na neno lake.

"Mkwe, binti yako nampenda. Lakini shilamu iliyotoka mdomoni mwa Umrao siigusi. Wenzangu wakisikia, kesho wananitupa."

Umrao naye akawaka. "Kaka, mtoto huyu nimembeba mgongoni. Leo anaolewa, mimi ninyimwe buruma uwanjani kwa baba yangu? Basi mimi si baba yake mdogo. Sikanyagi!"

Nikamshauri Bhikam, "Weka buruma mbili."

"Akili yako yote imeishia kwenye masharubu," akanijibu. "Buruma mbili uwanja mmoja ni kutangaza koo mbili. Mwanangu akionewa huko Barauda, ni nani atafunga maksai amfuate? Ukoo upi?"

Mkewe akachungulia jikoni. "Wanaume wazima mnagombania moshi! Mwanangu akibaki nyumbani, nitawavuta nyinyi."

Siku ya harusi chakula hakikutusumbua. Mpishi wa mjini alikaanga mikate kwa samli, kila mtu akalia juu ya jani lake, hakuna aliyegusa cha mwenzake. Bwana harusi akaja na zumari na ngoma, Todar mbele, kilemba kama mlima. Umrao nilimleta mimi. Nilimwambia kaka yake amepata njia, ingawa sikujua njia gani. Bhikam alikuwa amenipa blanketi lililokunjwa, akaniambia, "Kalia hili, na usiinuke hata nyumba ikiungua." Nikakalia. Kuna kitu kirefu, kigumu, kilinichoma mahali ambapo adabu hainiruhusu kupataja.

Bhikam akatoka na buruma, makaa yanawaka juu yake, lakini shilamu haipo!

"Jamani, aibu gani hii," akasema. "Panya wameitafuna."

"Panya?" Todar akakunja uso. "Wametafuna mwanzi?"

"Panya wa Nagla, mkwe. Hawaulizi mwanzi wa nani."

Akalichomoa bori, kile kibakuli cha udongo chenye tumbaku na moto, akalizungushia kitambaa kipya kilicholowa maji. Mnajua tunavyofanya shambani: unalishika bori katikati ya ngumi mbili, unavuta kwa tundu lililo kando ya kidole gumba. Mdomo wako unagusa mkono wako mwenyewe. Anayekufuata naye anagusa wake.

Umrao akavuta kwanza. Kisha akamnyooshea Todar bori, macho kwa macho. Watu wa Barauda wakatazama vidole vya mzee wao. Bhikam alikuwa amesimama, akiutazama mlango ambao Sarupi alikuwa nyuma yake.

Todar akalipokea. Akavuta pumzi moja ndefu, ya kiburi, na tumbaku ya Bhikam haipendi kiburi. Alikohoa mpaka kilemba kikamwangukia mapajani.

"Pole pole, mzee," Umrao akasema. "Hiyo nayo inataka kutakaswa?"

"Nyamaza, wewe ndevu za mbuzi!" Todar akajibu, machozi yanamtoka, na uwanja mzima ukaangua kicheko, mwenyewe akiwemo. Akavuta tena. Bori lilipofika kwangu nilivuta mpaka ulimi wa moto ukaruka juu ya bori, watu wakapiga kelele. Nilikuwa bado nimekaa.

Asubuhi Sarupi alipoagwa, Umrao ndiye aliyembeba mikononi mpaka kwenye gari la ng'ombe, kama ipasavyo baba mdogo. Bhikam alilia kwa sauti, mkewe akamfuta kwa ncha ya mtandio. Todar, aliyekuwa garini tayari, akasogea kumpa Umrao nafasi ya kumpandisha, kisha akainama kutoka garini.

"Mkwe Bhikam, nitakuja mavuno yakiisha. Usihangaike kununua mwanzi mwingine."

"Nitautoa wapi, mkwe, na panya hawa?"

"Wape chakula wasihame," Todar akasema, akawachapa ng'ombe.