Ziwa Halitazamwi Nyumbani kwa Mukwe

Ipo siku moja ambayo inanikera mpaka leo, Mwanangu, na asubuhi hii umenikumbusha. Umeingia hapa unacheka meno yote nje: unampeleka Neema Kalemie akaone ziwa, ndiyo fungate yenu iliyochelewa, na malazi mmepata bure kwa mama yake mkubwa. Bure! Neema amesimama nyuma yako ameinamisha uso, na wewe hata hukugeuka kumtazama. Nikasema, ee Mungu, huyu mtoto ni baba yake mtupu. Basi kaa kitako unisikilize, na usianze kuniambia kwamba mambo ya siku hizi ni mengine.

Wakati wa vita hujazaliwa. Mimi na baba yako tulikuwa tumeoana juzijuzi tu, tukakimbia Kindu, tukajificha porini upande wa Tunda. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi mpaka ulimi ukasahau ladha. Siku moja nikalia, nikamwambia nitakufa sijaona kitu chochote duniani. Akanijibu, "Bibi, vita ikiisha na tuko wazima, nitakupeleka Kalemie uone maji yasiyo na ng'ambo." Sisi wa Kindu tumezoea mto. Ukisimama huku unamwona mtu wa kule akifua nguo. Maji yasiyo na ng'ambo! Usicheke. Neno lile ndilo lililonishikilia roho kule porini.

Vita ikatulia, treni ikaanza kutembea tena, na baba yako hakusahau. Alikuwa akisukuma baiskeli ya mawese toka Kalima, mapato yenyewe ya kubahatisha. Nilijua hatuna kitu. Nikamwambia tupange chumba kidogo, hata mlango wake uwe pazia, tukae siku chache tu.

"Aka!" akasema. "Mama yako mudogo iko Kalemie, tena nyumba yake iko karibu na maji. Tulipe ya nini?"

Nikamwambia, huyo ni mama mukwe wako. Akanijibu, bila haya, kwamba ni mama mudogo, si mama mwenyewe, kwa hiyo na heshima yake itakuwa ndogo. Mtu mzima huyo! Mama hana nusu, Mwanangu. Aliyezaliwa tumbo moja na mama yangu ni mama yangu.

Tukafika, baada ya kungoja treni nyingine pale Kabalo mpaka nikachoka kukaa juu ya mizigo. Mama mudogo alipomwona baba yako uani, alijifunika kitenge usoni akakimbilia nyuma ya nyumba. Kwa desturi yetu mukwe haonani na mama mukwe uso kwa uso, hali mbele yake, hapiti alipokaa. Baba yako akapelekwa kulala kwa jirani na vijana wasiooa. Mimi nikalazwa kitanda kimoja na mama mudogo. Hiyo ndiyo fungate.

Na njia ya ziwani, je? Ilipita palepale mbele ya jiko, na mama mudogo alishinda hapo tangu asubuhi akianika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa. Basi baba yako hakupita. Alishinda kwa jirani anachezea vidole. Na mimi? Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto wa nyumba hapewi hata hizo mbili. Ziwa niliona, ndiyo, nimeinama nageuza ndakala mchangani, nzi machoni. Nikiinua kichwa tu nasikia, "Geuza na wa upande ule!"

Siku ya kurudi ikafika, treni ni ya alasiri. Nikashindwa, nikalia juu ya beseni la samaki. Mama mudogo akaniuliza kuna nini, nikamweleza ahadi ya porini. Akaacha samaki, akasimama. Kisha akapanda hasira, na hasira yenyewe si juu yangu. Baba yako alikuwa nyuma ya ua na mizigo yetu, na kwa kuwa hawezi kusema naye uso kwa uso, akamgeukia mbuzi aliyefungwa pale.

"Wee mbuzi, sikia. Umuambie mukwe wangu: mutoto akiletwa kwa mama yake, njo amerudi nyumbani, na nyumbani iko kazi. Kama alitaka kumutembeza muke wake, angemutembeza, halafu anipitie siku ya mwisho na sukari kidogo, ningewapigia vigelegele! Nani alimukatalia huyu mutoto ziwa? Miye, ao yeye?"

Mbuzi anatafuna tu. Nyuma ya ua kikasikika kikohozi. "Mbuzi, umwambie mama nimesikia."

Mama mudogo akajifunika kichwa kizima, akaelekea ukutani. "Apite," akasema. "Treni haijalia."

Tukapita. Tukakaa mchangani, mimi na mume wangu, mara ya kwanza tangu tufike. Maji yalikwenda, yakaenda, ng'ambo hakuna. Nikageuka nimwambie, "Kweli, hayana ng'ambo." Kumbe mwenzangu amelala! Mbu wa kwa jirani walikuwa wamemmaliza. Alikoroma mpaka treni ikalia. Alisema tutarudi, kila mwaka tutarudi, na hatukurudi. Hasira ile ninayo bado, na yeye yuko chini ya udongo, siwezi hata kumgombeza.

Kwa hiyo sikia, Mwanangu. Kusafiri na kidogo si aibu. Bebeni chikwangue, mkate wetu wa muhogo, toka hapa, tembeeni kwa miguu, laleni chumba cha kitanda na ndoo tu. Makuta yakipungua mfukoni, punguza siku, usimpunguze mkeo. Heshima si utumwa: mama mukwe nendeni mumsalimie siku ya mwisho, na sukari mkononi, atawabariki. Ukimpelekea binti yake alale kwake, umemrudisha, na aliyerudishwa nyumbani hushika ufagio. Haya, toa simu, mpigie huyo mama yake mkubwa sasa hivi, umwambie hamlali kwake; simu haina uso. Nikusikie kwa masikio yangu.

Mungu awafikishe salama. Awape jua la kiasi, na maji matulivu, na mlango wenu wenyewe wa kufunga. Neema akigeuka kukuambia neno pale mchangani, Mungu akukute macho.