Chaki Nyekundu kwenye Shingo ya Chupa

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa maji kuliko nilivyowaogopa Wazungu. Nilikuwa nimetoka Kiringye, kwenye tambarare ya Ruzizi, ambako baba yangu alilima mihogo na pamba, na sikujua kuogelea hata hatua tatu. Hoteli ilikuwa kando ya ziwa, kati ya Uvira na Kalundu. Wageni wake walikuwa Wabelgiji waliokuja likizo kutoka Usumbura na Bukavu, na wengine kutoka Ulaya kabisa, kwa ajili ya jambo ambalo watu wa kwetu hawakuliamini nilipowasimulia. Walishuka chini ya maji wakiwa na hewa mgongoni, wakakaa huko kama nusu saa, wakitazama samaki. Hawakuwavua. Waliwatazama tu, kisha wakapanda juu na kunywa bia.

Mkubwa wa hoteli tulimwita Monsieur le Gérant. Aliniuliza kama najua kusoma. Niliitikia kwa kichwa.

“Muntu akiulizwa anajibu na mudomo,” alisema.

Sikuwa na mdomo siku hiyo, wala siku nyingi zilizofuata. Tangu utoto nilikuwa mtu wa haya. Shuleni nilijua majibu lakini sikuyatoa. Gérant alinichukua hata hivyo, akawaambia wenzangu kwamba mtu asiyeongea hatawasumbua wageni.

Nilianza kwa kuosha vifaa. Kila kifaa kilikuwa na jina lake la Kifaransa na namna yake ya kuoshwa. Palme ni viatu vya mpira vyenye ubapa kama mguu wa bata. Detandere ni kile kifaa cha mdomoni kinachompa mtu hewa kidogo kidogo anapovuta, na ukikiacha na mchanga ndani unaweza kumuua mtu. Mkanda wa risasi si wa bunduki; ni mkanda wenye vipande vya risasi, madini mazito, maana mwili wa mtu ukiachiwa wenyewe unataka kurudi juu. Niliosha kwa mwaka mzima. Kisha fundi wa mashine akahamia Bukavu, nami nikawekwa mahali pake.

Mashine ile, komprese, ilikuwa ya petroli. Ilivuta hewa ya kawaida kwa bomba refu la mpira, ikaikandamiza ndani ya chupa ya chuma. Vijana mnadhani hewa ni hewa. Siyo. Injini inatoa moshi, na mdomo wa bomba unavuta chochote kilicho mbele yake. Ukivuta moshi wa injini, unaufungia ndani ya chupa pamoja na hewa, na mtu atakayeuvuta kule chini hatakohoa. Atalala tu. Kwa hiyo mdomo wa bomba unawekwa upande upepo unakotoka, na moshi unaachwa uende upande wa pili.

Kwetu Uvira hapo ndipo kazi ilipo. Asubuhi upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Jua likipanda, upepo unakufa kidogo, halafu unageuka, unatoka ziwani kwenda milimani. Mtu wa kujaza lazima amalize kabla upepo haujageuka. La sivyo, azime mashine, ahamishe bomba, na ile chupa iliyokuwa ikijazwa aimwage yote aanze upya.

Gérant alinipa kipande cha chaki ya mafuta, nyekundu, ile isiyofutika majini. Kila chupa niliyoijaza na kuiamini, nilitia mstari kwenye shingo yake. Chupa isiyo na chaki haikuguswa na mtu. Siku aliponipa chaki ile alisema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

“Hapa, mwenye kujaza iko mukubwa kuliko miye. Hewa ikiwa mbaya, unasema hapana. Hata nikikasirika. Hata nikikupiga. Unasema hapana.”

Alikuwa sahihi, na sijawahi kumpenda. Mtu yule yule aliyeweka mapafu ya wageni wake mikononi mwangu hakuniruhusu kupita barazani walipokuwa wakila. Niliambiwa nizunguke nyuma, kwenye mapipa ya taka.

Nahodha wa mashua ya hoteli alikuwa Amisi, mtu wa mtaa wa Songo, wa familia za Waislamu waliofanya biashara ya ziwa tangu babu zao. Alinizidi miaka mitano au sita, nikamwita yaya, yaani kaka mkubwa. Alikuwa na maneno ya kututosha sisi wawili. Siku moja alimwomba Gérant naye ajaribu kushuka na chupa. Gérant alicheka, akawatafsiria wageni, akasema mifupa ya mtu mweusi ni mizito, kushuka atashuka vizuri, ila nani atampandisha? Wageni walicheka sana. Amisi naye alicheka. Nilikuwa karibu yake, niliona mikono yake ilivyoikaza kamba ya mashua.

Tangu hapo alijifunza kwa siri. Wageni waliporudi, chupa zilibaki na hewa kidogo, na Gérant alipokwenda Usumbura kununua vitu, Amisi alizichukua akashuka nyuma ya mawe makubwa. Mara ya kwanza alikataa kushuka mpaka nitie chaki. Nilimwambia ni mabaki tu ya hewa ya wageni. Akasema wageni wametiwa chaki na yeye anataka yake. Basi nikawa namtilia mstari wa pili, chini ya ule wa wageni. Alinieleza alichokiona huko: samaki wa manjano wenye mistari, wengine wanaoweka watoto wao mdomoni wakiona hatari. Nilisikiliza kama mtu anayesimuliwa juu ya Ulaya. Sikushuka hata mara moja, na watu walikuja kutoka Ulaya kuona kitu kilichokuwa hatua hamsini kutoka kitandani kwangu.

Uhuru ulipokuja, wageni waliondoka kwanza, kisha Gérant. Aliondoka asubuhi moja na gari lililojaa, akachukua detandere zote isipokuwa mbili, akaniachia ufunguo wa stoo. Hakuniambia asante wala kwaheri. Aliniambia nisisahau kubadilisha mafuta ya mashine. Baadaye ilikuja barua yake moja. Aliuliza kama mashine iko salama. Hakuulizia mtu hata mmoja.

Tulipata mkubwa mpya wa hoteli, Directeur, mweusi mwenzetu, mwenye suti. Tulifurahi sana. Naye alituzungusha nyuma, kwenye mapipa yale yale.

Kisha ukaja uasi. Wapiganaji walishika Uvira, Directeur akakimbia, na hoteli ikawa makao yao. Kamanda wao nilimjua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la nne. Ndiye aliyekuwa akinisimamisha mbele ya wenzangu nisome kwa sauti, na sauti isipotoka aliniacha nimesimama mpaka kengele. Alinitambua pia.

“Weye,” alisema akicheka, “ulijifunza kuongea, ao bado?”

Wapiganaji wake walicheka. Nilicheka pia, nikitazama chini.

Mashua iliyowaletea masanduku ya risasi kutoka ng'ambo ilizama karibu na Kalundu, si mbali na ufuko. Watu wa mji walimwambia Kamanda kwamba Amisi anajua kukaa chini ya maji kama Wazungu. Akaitwa. Amisi hakuwa wa upande wowote. Alikuwa na mke, Mama Saidi, na mtoto anayejifunza kutembea. Lakini niliona kwamba sehemu yake moja ilifurahi. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anaombwa kushuka mbele za watu. Alisema atashuka, kwa sharti moja: chupa nijaze mimi.

Nilianza asubuhi. Petroli ilikuwa dumu moja, chafu, na mashine ilikuwa imekaa muda mrefu. Ilikohoa, ilizima, nikaiwasha tena. Chupa ilijaa polepole kuliko nilivyowahi kuona. Jua likapanda. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya mashine, na Kamanda alikuwa amesimama hapo hapo akiwahutubia watu wake juu ya nchi na juu ya dawa waliyonyunyiziwa, na Amisi pamoja nao asubuhi ile, ili kifo kisiwapate, na juu ya masharti yake. Upepo ukafa. Majani yakatulia. Kisha nikauhisi usoni, kutoka ziwani.

Niliuona moshi ukisimama, ukizunguka, ukienda kulala juu ya mdomo wa bomba.

Sijui ulilala pale kwa muda gani kabla sijauona. Nilikuwa nikimsikiliza yeye, kama darasani. Nilijua la kufanya: kuzima, kumwaga, kuanza upya. Nilijua pia kwamba petroli isingetosha kuanza upya, kwa hiyo kusema hapana kulikuwa kusema hapana kwa siku nzima. Nikafanya kitu ambacho nakicheka peke yangu mpaka leo, kicheko kibaya. Mimi, mwanaume mzima, niliinua mkono nipewe ruhusa ya kusema.

Kamanda alinitazama katikati ya hotuba.

“Shusha mukono,” alisema.

Nikaushusha.

Ningependa kuandika kwamba alinielekezea bunduki. Wengine walielekezewa, na wananielewa vibaya wakidhani nami nilikuwa kati yao. Hakunitisha. Aliniambia nishushe mkono, basi, nami nikaushusha. Nilihamisha bomba kimya kimya, mashine ikaendelea mpaka petroli ikaisha. Kisha akauliza kama iko tayari. Watu wote waligeuka kunitazama. Nikatoa chaki mfukoni.

Tulikwenda kwa mashua ya hoteli, mimi nikishika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Amisi. Alikuwa akitania wapiganaji, akiwaambia wasiogope, samaki wa huku hawali watu wembamba. Alipokwisha kufunga mkanda wa risasi alinigeukia.

“Mudogo, iko chaki?”

“Iko, yaya.”

Aligusa shingo ya chupa kwa nyuma, hakuangalia hata kuangalia, akaingia majini.

Mapovu yalipanda vizuri. Aliifikia mashua iliyozama, akafunga sanduku la kwanza kwenye kamba ya pili, wapiganaji wakalivuta wakipiga kelele za furaha. Akafunga la pili. Baada ya hapo mapovu yakawa yanatoka mahali pamoja, hayatembei. Nilivuta kamba mara mbili, ambayo ni kuuliza. Anayeulizwa naye huvuta mara mbili. Hakuna aliyevuta. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na kumbe mifupa yake haikuwa mizito hata kidogo.

Midomo yake ilikuwa myekundu kama ya mtu mwenye afya. Ndiyo alama ya moshi ule. Hakuna aliyeijua isipokuwa mimi. Kamanda akasema Amisi amevunja masharti ya dawa, labda aligusa mwanamke, labda alikula kitu cha kukatazwa. Watu wakaanza kunong'ona alikula nini. Hata kufa kwake kukawa kosa lake. Nikafungua koki ya chupa kidogo, nikanusa moshi kwa mbali. Kisha nikaifungua yote, hewa iliyobaki ikaenda na upepo, na ushahidi ukaenda nayo.

Walimzika siku hiyo hiyo. Nilikwenda Songo nikakaa ukutani, mbali na wanaume wengine. Mama Saidi aliniita ndani. Macho yake yalikuwa makavu.

“Shemeji, chaki ilikuwapo?”

“Ilikuwapo.”

“Ulitia weye?”

“Nilitia mimi.”

Alivuta pumzi ndefu. “Basi ni Mungu,” alisema. “Alikuwa ananiambia, kama mudogo ametia chaki, naenda kama niko kitandani kwangu. Asante, shemeji.”

Alinishukuru. Watoto wangu, katika kazi yangu yote, chini ya wakubwa wote niliowahi kuwa nao, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyenishukuru.

Vita vilipopita, mashine ilichukuliwa na askari, sijui wa nani. Nilipata kazi katika karakana moja bandarini Kalundu. Nilijaza matairi na kupaka rangi kwa hewa chini ya wakubwa wa karakana, ma-chef d'atelier, wanne, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliandika kwamba mimi ni mtulivu, na hakuna aliyenipandisha cheo. Nilistaafu kwa barua ya mistari mitatu. Sasa nina komprese yangu ndogo Mulongwe, kando ya barabara, mahali ambapo mto ukifurika nainyanyua juu ya meza.

Ninyi vijana mnaokuja kujaza tairi mnaniuliza kazi ilinifundisha nini. Mnataka niseme uvumilivu na utii, kama wastaafu wengine wanavyosema. Utii ninaujua. Nilizaliwa nao, shuleni nikafundishwa zaidi, Gérant akaukuta tayari, Directeur akaukuta, Kamanda akaukuta. Mtu mmoja tu alijaribu kunipa neno hapana, naye alinipa kwa ajili ya wageni wake. Sikujua kwamba lilikuwa langu pia.

Saidi sasa ni mtu mzima, dereva wa lori, na tairi zake hujazwa kwangu tangu gari lake la kwanza. Ananiita baba mdogo. Kila mara upepo unapogeuka mchana ananiona nazima mashine, naizungusha, nahamisha bomba lake upande wa ziwa. Ananicheka. Anasema, “Baba mudogo, tairi haipumui.” Wateja wengine wanacheka naye, nami nacheka nikitazama chini.

Nimeandika haya kwa miezi minne, kwa mkono, maana naandika polepole. Mama Saidi yuko hai, lakini hakusoma. Saidi anasoma. Karatasi hizi ataziona yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Atakapofika chini ya ukurasa huu atajua kwa nini nazungusha mashine, naye ndiye atakayeamua kama mama yake asomewe. Nitakuwa nimekaa palepale Mulongwe. Akija kuniuliza, safari hii nitajibu kwa mdomo.