Nilimtafuta sheha Songea nikapelekwa msikitini. Kosa hilo ndilo lililonirudisha darasani Pemba

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Baada ya miaka ya kusoma nyuzi za watu, leo nina wa kwangu. Sitaongeza chumvi. Anayetilia shaka aje Ole, aulize kwa yule mtoto wa Bi Time asiyekaa mahali pamoja. Ataletwa mpaka mlangoni.

Mnijue kidogo kwanza.

Ni Mpemba, miaka thelathini na kitu, shule niliishia form two. Mtihani nilifeli kwa haki kabisa, na badala ya kurudia nikapanda meli. Nimekaa Tanga, Lindi, Songea, Mafia. Nimeuza viatu, nimechimba visima, nimepaka rangi nyumba za watu. Napenda mno kujua mambo, ila nikishajua nusu, miguu inaanza kuwasha. Sijawahi kumaliza kitu.

Mwaka jana nikarudi nyumbani. Mama hakushangaa. Begi langu akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pale pale linapokaa siku zote, na kila asubuhi akinipa chai ananiuliza, "Waondoka lini, mwanangu?"

Hakuwa akinifukuza. Alitaka tu kujua apike wali kiasi gani.

Basi nikapata kibarua cha kupaka rangi chuo kimoja kidogo, si mbali na Gombani. Siku ya pili nilikuwa nje napaka fremu za madirisha, na ndani kuna kipindi cha first year wa certificate. Somo lao ni la utangulizi wa serikali: Serikali ya Muungano inafanya nini, Serikali ya Mapinduzi Zanzibar inafanya nini. Mwalimu ni mama wa makamo, nitamwita Madam Raya. Sauti yake ndogo lakini inafika.

Akauliza: kwa nini polisi wa Wete na polisi wa Songea wana bosi mmoja, lakini daktari wa Wete na daktari wa Songea kila mmoja ana waziri wake?

Wakuu, nimezunguka nchi hii na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Brashi ikasimama yenyewe.

Lile dirisha nililipaka siku tatu.

Siku ya tatu kijana mmoja wa viti vya nyuma, Haji, mzaha mtupu, akapaza sauti: "Madam, muhurumieni fundi. Akipiga mkono mwengine wa rangi, dirisha halitafunga tena."

Darasa likacheka. Madam Raya akaja mpaka dirishani.

"Fundi, dirisha hili walipaka au walisomea?"

"Vyote viwili, Madam. Samahani."

"Basi kama wasoma, jibu. Sheha wa kwetu na mwenyekiti wa mtaa wa Bara wana tofauti gani?"

Hapa niwaeleze walioko Bara. Kwetu Zanzibar, sheha ni kiongozi wa serikali wa ngazi ya chini kabisa, anayesimamia eneo linaloitwa shehia. Ukitaka barua ya utambulisho, ni kwake. Mtoto anakua akijua hivyo, kama anavyojua kisima kiko wapi.

Sasa mimi, brashi mkononi, nikamjibu kwa kisa kilichonipata Songea.

Nilipoteza kitambulisho kule, nikaambiwa nilete barua kutoka serikali ya mtaa. Kichwani mwangu hiyo ni barua ya sheha. Nikashika njia, nauliza kila ninayekutana naye: "Samahani, sheha wenu anakaa wapi?" Watu wapole sana wale. Kila mmoja ananielekeza bila kusita, wa mwisho akanisindikiza kabisa.

Nikafikishwa msikitini. Walikuwa wamesikia "shehe".

Akatoka mzee wa kanzu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, kijana wangu. Maiti yuko wapi?"

"Hakuna maiti, shehe."

"Alhamdulillahi. Kumbe unaoa!"

"Sioi, shehe. Nataka barua."

Akanitazama kwa huzuni. "Umeshamwacha?"

Darasa lilipasuka. Haji alilalia meza. Madam Raya alijikaza, lakini mabega yalimsaliti.

"Barua ukaipata?" akauliza.

Niliipata. Yule shehe, Mungu amlipe, alinipeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamkuta anaziba pancha za baiskeli. Nikamuuliza nani amemteua. Akacheka, akasema hakuteuliwa na mtu, amechaguliwa na majirani hawa hawa, na akininyima barua watamkumbusha siku ya kura. Mimi nikabaki nashangaa, maana sheha wetu hatumpigii kura. Yeye anateuliwa, anatoka juu kuja kwetu.

Madam akageukia darasa. "Andikeni hilo. Na wewe fundi, kuanzia kesho ukimaliza kazi yako, pita mlangoni kama watu."

Ndivyo nilivyoanza.

Rangi ilipokwisha niliendelea kwenda, nakaa nyuma na Haji. Nikajifunza orodha ya Mambo ya Muungano, nikawa nairudia nyumbani huku nakuna nazi. Mama akanisikia.

"Na karafuu zangu je, ni za Muungano?"

"Za Zanzibar, mama."

"Na pasipoti nikitaka kwenda Hija?"

"Hiyo Muungano."

Akafikiri kidogo. "Basi mie nusu huku, nusu kule. Na hilo chicha la nazi usilitupe."

Wiki ya test, mambo mawili yakaja pamoja.

La kwanza, mkuu wa chuo akasema sina namba ya mwanafunzi, kwa hiyo sifanyi mtihani. Simlaumu, utaratibu ni utaratibu. La pili, rafiki yangu wa Lindi akapiga simu: kuna kazi ya korosho, chumba kipo, njoo kabla ya Ijumaa. Test ilikuwa Jumamosi.

Wakuu, miguu iliwasha. Nilisimama mbele ya lile begi muda mrefu. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa ya kuondoka, tena safari hii hata kosa si langu, nimekataliwa. Nani angenilaumu?

Nikaenda kumuaga Madam Raya. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Mkuu amesema huna namba, huingii chumba cha mtihani. Barazani hakuhitaji namba."

Nikampigia rafiki yangu, nikamwambia asinisubiri.

Jumamosi Haji akanitolea kiti nje, akanong'ona, "Mheshimiwa, leo usipake." Nikafanya mtihani ule ule, muda ule ule, chini ya dirisha nililolipaka mwenyewe.

Swali la mwisho lilitaka tueleze elimu ya mtoto wa Zanzibar, hatua ipi iko chini ya serikali ipi. Nikaeleza kwamba skuli ni za Zanzibar na mtihani wa form two ni wa Zanzibar, lakini form four mtihani unatoka Baraza la Mitihani la Taifa, ambalo ni jambo la Muungano. Halafu mkono ukaniponyoka, nikaongeza:

"Kwa hiyo mimi nimefelishwa na serikali moja tu. Nyingine bado haijanijua."

Karatasi ilirudi na alama nzuri, japo swali la bandari ni za serikali ipi nililikosa. Pembeni ya sentensi ile Madam aliandika kwa wino mwekundu: "Basi nenda ikujue."

Nimekwenda. Nimejiandikisha QT, ule mtihani wa kufuzu kwa tulioishia njiani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikivuka hapo nafanya form four. Chuoni bado naingia, nasikiliza, na Haji ananidai kalamu mbili.

Nilichojifunza: kila mara nilipoondoka mahali nilidhani nimeshapajua. Kumbe hata hapa nilipozaliwa sikuwa najua nani anaendesha nini.

Juzi nilitafuta begi langu niweke vitabu, sikuliona msumarini. Nikalikuta jikoni. Mama ametia vitunguu. Na lile swali la asubuhi, sasa nakumbuka, ni muda sijalisikia.

Waliopita njia ya QT, nipeni mbinu za hesabu, ndiyo inayonitia hofu. Na nani mwingine aliwahi kupotezwa na neno moja ugenini? Andikeni, nitajibu kila mtu. Nipo, siendi popote.