Kola Iliyopinda

Tulianza watano tu, kwenye gereji ya nyumba moja mtaani Umoja, Nairobi, tukishona sare za shule. Mwenye kampuni ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Aliyenifunza kazi alikuwa mama mmoja wa Kakamega, mkali kama pilipili, aliyeniita "mtoto wangu" hata akinigombeza. Sheria ilikuwa moja: saa nne chai haimiminwi mpaka aliyekosea afumue kosa lake mwenyewe. Wengine tunamngoja, vikombe mkononi, tukimtania. Mimi ndiye niliyengojewa kuliko wote, na sioni haya kulisema.

Kisha oda zikazidi. Tukahamia godauni karibu na Barabara ya Jogoo, cherehani arobaini, kila mtu na kipande chake. Sitadanganya, nilipenda. Nilipata likizo, nikapata barua ya kazi yenye muhuri, na mama mzazi akaitia kwenye fremu akaitundika sebuleni. Lakini nilishona kola hadi nikaziota. Chai tukawa tunakunywa kwa zamu, na vilivyoharibika vikatupwa kapuni, wafumue wengine.

Siku moja mwenye kampuni akaniita ofisini, akanifanya msimamizi, juu ya mwalimu wangu. Eti kwa sababu nilimaliza kidato cha nne. Nilikitaka kile cheo, jamani, nilikitaka sana. Ila yule mama wa Kakamega ningemtazamaje? Niliogopa nitampoteza.

Asubuhi ya kwanza nikapita nikikagua, chaki mkononi. Mezani kwake nikakuta shati lenye kola iliyopinda, hata kipofu angeigusa akajua. Mkono ukakataa kuitia alama. Nikaliweka shati pamoja na mazuri, nikajiendea zangu.

Saa nne akaja na birika, wembe na shati lile. Akaliweka mbele yangu, wasichana wote wa cherehani wakitazama.

"Niliipinda makusudi," akasema. "Kumbe unanionea haya. Hawa utawaongozaje?"

"Nisamehe, mama."

"Sikuja kusamehe mtu. Fumua."

Nikafumua, machozi yakinilenga. Yeye kasimama na birika lake, hammiminii yeyote, na wasichana wenye vikombe vitupu wakaanza kunitania bila kufundishwa. Nilipokata uzi wa mwisho, kikombe changu ndicho alichokijaza kwanza.

"Kunywa, mtoto wangu," akasema. "Halafu urudi unikague vizuri."