Moto wa Jumapili

Siku yangu ya kwanza kwenye boila nilipewa reki ya chuma, na mzee mmoja mfupi akaniambia nifunge mdomo mpaka nijue kusikiliza moto. Ilikuwa miaka ya tisini, katika kiwanda cha majani chai upande wa Mogogosiek. Shule niliacha darasa la sita kwetu ziwani, nikavunja mawe, nikachoma mikate mjini Longisa. Sikukaa popote. Hapo nilikaa kwa sababu ya huyo mzee, Kipng'eno, msimamizi wa boila.

Kwa ninyi mliozoea kubonyeza swichi, boila ilikuwa tangi la maji lililochemshwa kwa kuni. Mvuke ulipita kwenye mabomba hadi vitanda vya kunyausha, ambako majani mabichi hulala yapunguze maji, kisha hadi mashine ya kukausha. Mvuke ukishuka, chai inachacha. Kuni zilikuwa za mkaratusi, zilizopangwa chini ya paa mpaka zikauke kabisa.

"Na ukitia mbichi?" nilimwuliza Kipng'eno.

"Wewe Ouma unauliza maswali kama polisi. Mbichi ni moshi tu. Watu wote wa Boito watajua umewasha, na chai haitakauka."

Majani hayakuijua Jumapili. Yaliyochumwa Jumamosi yalikaushwa asubuhi ya ibada, kwa hiyo mmoja wetu wa boila alipaswa kubaki. Zamu ilikuwa ya kupokezana, lakini Kipng'eno alichukua za wote. Sisi tulivaa mashati safi tukaenda. Yeye alivuta king'ora kifupi, kuwaamsha waliolala wasikose kanisa.

Kisha binti yake Chebet akachumbiwa. Mzee wa kanisa, ambaye siku za kazi alikuwa supavaiza wetu wa kukausha, akaja boila ameshika kofia mkononi.

"Kipng'eno, kamati imekaa. Huonekani kwa ibada. Mtu hasali, atampelekaje binti madhabahuni? Ndugu yako atampeleka."

Kipng'eno aliendelea kusukuma gogo ndani.

"Sawa," akasema. "Mimi nitasimama kwa mlango."

Jumapili iliyofuata hatukwenda kanisani. Chirchir, mwenzetu wa boila aliyeongoza kwaya, alitupanga mbele ya rundo la kuni tukiwa na suti zetu, tukaanza wimbo. Tulidhani mzee angefurahi. Alitoka na reki amewaka kuliko boila.

"Nani amewaambia muache ibada? Mimi nachomeka hapa mwende, na ninyi mnakuja kuimbia magogo? Tokeni!"

"Lakini mzee, wamekukatalia..."

"Chirchir, toka! Na wewe Ouma, usiniulize kitu!"

Tulikimbia. Tuliingia kanisani mahubiri yakiendelea, suti zimejaa majivu, tukinuka moshi. Mzee wa kanisa akasimama, akauliza tulikuwa wapi.

"Tumefukuzwa kazini," Chirchir akasema mbele ya watu wote. "Yule mnasema hasali ametufukuza tuje tusali."

Nilimwona supavaiza akikaa polepole. Zamu zetu alizijua. Hakuwa amewahi kujiuliza shati lake safi la Jumapili lilitegemea jasho la nani.

Siku ya harusi Kipng'eno alisimama mlangoni kama alivyoahidi. Supavaiza alitoka mbele, akapita katikati ya watu wote, akamshika mkono na kumweka kando ya Chebet. Mzee alimpeleka binti yake akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni. Na Jumapili iliyofuata supavaiza alikuja boila amevaa ovaroli, akaomba reki. Kipng'eno akaenda kanisani, akakaa kiti cha nyuma, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha alikuwa amelala fofofo. Hakuna aliyemwamsha.

Miguu yangu haikutulia. Baadaye niliondoka, nikachochea moto wa watu wengine katika miji mingi mpaka mgongo ukakataa. Nimeingia makanisa makubwa na madogo, nimesikia wengi wakieleza Mkristo wa kweli ni nani. Ninasikiliza kwa heshima. Lakini Jumapili, waumini wanapoinamisha vichwa, mimi hugeukia dirishani, nikitafuta juu ya miti ule moshi mwembamba wa kuni zilizokauka.