Jina Lililobanduliwa kwenye Boneti

Ilianza Jumamosi, saa nane na robo mchana, wiki moja kabla ya Uhuru. Nilikuwa likizo, nimejibanza nyuma ya mlango wa karakana ya baba, mbele ya nyumba yetu pale Mabatini, maana wateja nilikuwa nawaonea haya. Baba alikuwa fundi rangi wa magari. Siku zile kila mwenye gari alitaka ling'ae kabla bendera mpya haijapandishwa, na wengine walitaka zaidi ya rangi.

Watengenezaji wa magari fulani walikuwa wamebadilisha namna ya kuandika jina lao. Ya zamani yalikuwa na jina la chuma cheupe, mwandiko wa kuunganisha kama wa barua, na mkia uliopita chini ya herufi zote. Mapya yalikuwa na herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake, zimeenea upana wa boneti. Basi watu walileta makuukuu yao, baba anabandua jina na kuziba matundu, mimi nachora herufi kubwa kwa penseli, yeye anazijaza rangi ya fedha.

"Mwandiko huu ni wa enzi za Bwana DC," mteja wa siku ile alisema. "Nataka watu wadhani nimenunua mwaka huu."

"Watadhani, mzee, mpaka utakapoliwasha," baba alimjibu, wakacheka.

Nilipotoka na penseli yangu niliona mkia wa jina lile umekatika nchani. Nikalitambua gari kwa mkia ule. Mjomba, kaka wa pekee wa mama, alikuwa dereva wa gari lile mpaka siku lilipoteleza kutoka kwenye pantoni ya Busisi likazama ziwani, naye ndani. Gari lilivutwa, likatoka. Yeye ziwa halikumrudisha. Nilipokuwa mdogo alikuwa akininyanyua nipitishe kidole kwenye chuma kile, kutoka herufi ya kwanza hadi mkiani. "Andika, mwalimu," alikuwa akiniambia. Mwandiko wangu wa shule ulitoka pale.

Baba naye alikuwa amelitambua. "Mama yako asijue," alininong'oneza. "Ndiyo kwanza ameanza kula samaki wa ziwa lile."

Akalibandua jina, akalitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Alipogeuka, nikalitia mfukoni mwa gauni.

Mteja akaliwasha alisogeze kivulini. Lilikohoa mara mbili, likanyamaza, likakohoa tena. Jikoni mwiko ukaanguka.

"Gari la nani hilo?" mama aliuliza kutoka ndani.

"La mteja tu, mama," nilimjibu.

"Linakohoa kama la..." Nilimsikia anauosha mwiko, akauosha muda mrefu mno.

Baba aliziba matundu kwa putti yake ya chokaa na mafuta, akapaka rangi, nami nikachora. Lakini vuli ilikuwa imeshika na hewa ilikuwa mbichi. Kabla jua halijazama, putti ikabonyea. Vishimo vikatokea kimoja kimoja chini ya herufi zangu, vikifuata mwandiko ule ule, mpaka mahali mkia ulipokatika.

"Imenywea," baba alisema, akaziba tena. Ikabonyea tena. Hakunitazama. "Kesho nitapiga msasa upya. Ingia ndani."

Jioni ile mama alitupakulia samaki, sato. Wake hakumgusa. Hakuuliza tena habari ya gari, na mimi nilikula nimeinamisha kichwa, kile chuma kikinichoma paja.

Asubuhi baba alitoka kutafuta msasa. Mama alikuwa anachochea moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

Nilitoa jina lile mfukoni nikaliweka kiganjani mwake. Aliligeuza, akaupapasa mkia uliokatika, kisha akainuka. Nikamshika mkono nikampeleka karakanani. Nilizifuta herufi zangu za penseli kwa pindo la kanga yangu, zote, halafu nikakichukua kidole chake nikakiweka kwenye kishimo cha kwanza.