Fundi Anayegonga

Orodha iliandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita: watu sita, viatu visivyoteleza, sweta moja kwa kila mtu. Tochi nayo iliandikwa kisha ikakatwa, kwa sababu kipeperushi cha matembezi ya handakini kilikataza tochi. Mwandishi wa orodha hiyo alikuwa mjane wa Mrefu, mwanamke wa miaka sitini na minane ambaye hakuwa ametoka kwenda kustarehe popote tangu magoti yaanze kumsumbua. Jumapili hiyo alikuwa amechangamka kama mwari anayeposwa.

"Shemeji, wewe utatangulia mbele na yule mtembeza wageni," alimwambia Spana. "Hao vijana wa siku hizi wanajua nini kuhusu mahandaki? Utatueleza wewe."

"Babu ana presha," mjukuu alisema, macho kwenye simu. "Imeandikwa hapa: wenye presha na wajawazito wamwone daktari kwanza."

"Presha yangu ina adabu," Spana alisema. "Haipandi mbele za watu."

"Na mimba je?"

"Hiyo ndiyo nitamuuliza daktari."

Wakacheka wote watatu, na mjane akaongeza kwenye orodha: maji ya kunywa.

Spana alikuwa fundi bomba mstaafu. Jina hilo alipewa na wenzake wa idara ya maji, likamganda, hata mkewe alimwita hivyo mpaka siku aliyochoka akaondoka. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa na chumba kimoja ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na alikuwa na nyumba hii ya marehemu Mrefu, fundi mwenzake. Kila Jumapili kwa miaka thelathini na moja alikuja hapa, akabadilisha washa za koki zilizovuja, akazibua sinki, akala kilichopikwa. Alikagua ripoti za shule za watoto wa Mrefu, na watoto walipokuwa watu wazima akakagua za watoto wao. Walimwita babu bila kufikiri. Mtu akimuuliza kama ana jamaa, alijibu, "Ninao," na hao ndio aliowakusudia.

Mjukuu akampa kipeperushi. *Mji wa Chini: Saa Moja ya Hofu na Historia.* Handaki la maji lilichimbwa chini ya soko kabla babu zao hawajazaliwa. Sasa lilikuwa limekaushwa na kutiwa taa nyekundu. Chumba cha kwanza, Wafungwa Waliochimba. Chumba cha pili, Wagonjwa wa Ndui. Chumba cha tatu, Fundi Anayegonga: *Alifukiwa angali hai. Aligonga bomba siku mbili. Weka sikio ukutani. Bado anagonga.*

"Lazima ni Mrefu," mjane alisema. "Nani mwingine alifia mle? Nitawaomba waandike jina lake, hata kwa chaki. Hayo ya kugonga najua ni chumvi ya kuuzia tiketi. Si ulikuwepo, shemeji? Si ilikuwa mara moja?"

"Mara moja," Spana alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Spana ilikuwa imekwenda miaka thelathini na moja bila kukatika, na juu yake mwanamke huyu alikuwa amejenga usingizi wake. *Hakuteseka.* Aliwalea watoto wawili kwa neno hilo moja. Aliwaambia walipolia, aliwaambia walipokuwa wakubwa. Na Jumamosi saa nne asubuhi angeshuka ngazi zile kwa magoti yake mabovu, aweke sikio ukutani.

Jumatatu Spana alivaa shati la kola akaenda mwenyewe kwenye handaki. Penye mlango wa chuma aliokuwa akiufungua kwa bega palikuwa na kidirisha cha tiketi.

"Wangapi, mzee?" aliuliza msichana wa kidirishani.

"Nataka kuonana na mkubwa."

"Mkubwa wa ofisi au mkubwa wa mizimu? Wa ofisi amesafiri."

Akamwelekeza nyuma ya pazia jeusi. Huko, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli ya idara, ya mtindo wa zamani hasa, iliyopakwa rangi ya tope. Usoni alikuwa amepakwa unga. Alikuwa akinywa chai.

"Shikamoo, mzee. Usiogope, ni mimi fundi."

"Marahaba. Nimekuja kuomba. Jumamosi, lile kundi la saa nne, msigonge. Mara hiyo moja tu."

Mwigizaji aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya. "Sasa nisipogonga nitafanya nini mle, mzee? Nisimame kama mwiko kwenye sufuria? Watu wanapenda pale kuliko hata mifupa. Halafu hadithi yenyewe ni ya kweli, kuna mzee aliisimulia." Akatoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akasoma kwa sauti ya kazi: "'Nilijua ni mkono wake, kwa sababu aligonga polepole, kama mtu anayeona haya kuwaamsha majirani.' Hapo mimi mwenyewe nasisimka."

Spana aliyatambua maneno yake. Miaka minane nyuma alikuja kwake mwalimu mmoja wa chuo, mwanamke mpole mwenye kinasa sauti, aliyekuwa akikusanya habari za mji. Alikuja alasiri nne. Spana alinunua biskuti. Kila aliponyamaza, mwanamke yule alisema, "Endelea, mzee," na hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia endelea. Basi akaendelea mpaka mwisho. Kisha akatia sahihi karatasi bila kuisoma. Watu wa idara ya maji walijua jambo moja kuhusu karatasi: ikishaingia kabatini haitoki tena, hata ukiihitaji. Hii ilikuwa imetoka.

"Unamfahamu mzee huyo?" mwigizaji aliuliza.

"Namfahamu. Hana maana."

Siku zilizofuata alilala chumbani kwake akitazama ukuta. Alifikiria kusema ni mgonjwa, lakini wangekwenda bila yeye. Alifikiria kusema handaki si salama, lakini mjukuu angemwonyesha cheti kwenye simu. Ijumaa saa tisa alichoka kufikiri, akaenda.

Mjane alikuwa sebuleni akipiga pasi nguo ya kesho, gauni la kijani lenye kola nyeupe. Mjukuu alikuwa chumbani, mlango umerudishwa.

"Shemeji, tusiende."

"Umeanza. Magoti ni yangu, woga ni wako."

"Kule kugonga si chumvi."

Pasi ikasimama. Spana alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa ofisini. Paa la handaki lilianguka Jumanne alasiri, baada ya mvua ya siku tatu, Mrefu akiwa upande wa ndani. Walichimba mpaka likaanguka mara ya pili. Injinia akasema anayeendelea atafukiwa na yeye, na soko litamfuata. Lakini kulikuwa na bomba la chuma lililopita chini ya kifusi, na mafundi walikuwa na lugha yao ya gizani. Mara tatu, niko sawa. Mara moja, subiri. Mrefu aligonga tatu. Injinia akasema, mjibu asubiri. Spana akagonga moja.

"Akasubiri?"

"Alikuwa mtu wa kusikia akiambiwa."

"Mpaka lini?"

"Alhamisi asubuhi."

Mjane aliisimamisha pasi wima. Midomo yake ilicheza bila sauti, ikihesabu siku.

"Wewe ulikuja Jumatano," alisema. "Saa kumi. Nilikuwa nafua. Ulikaa kiti kile, ukaniambia ilikuwa mara moja, hakusikia hata maumivu. Nikakuletea maji."

Kwa miaka yote Spana alikuwa ameogopa kuulizwa kwa nini alidanganya, na jibu alikuwa nalo. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuikumbuka siku.

"Wakubwa walinituma. Walisema ukijua utakuja pale na watoto, na hakuna lililokuwa likiwezekana."

"Ningekuja."

"Usingeweza kufanya kitu, shemeji."

"Ningegonga."

"Hukujua kugonga."

"Ungenifundisha."

Nje mtu alipita na toroli bovu, likalia mpaka mwisho wa mtaa. Mjane alilitazama gauni lake kana kwamba limeachwa pale na mgeni.

"Nigongee," akasema. "Kama alivyogonga yeye. Nisije kesho nikadanganywa tena, na huyo mgongaji wa kulipwa."

Spana alitaka kukataa, akaona hana haki hata hiyo. Akakunja kidole, akagonga ukingo wa meza. Tatu. Akanyamaza. Tatu.

"Bibi!" mjukuu aliita kutoka chumbani. "Nani anabisha hodi?"

"Ni huyu babu yako," mjane alisema, bila kumtazama. "Anaondoka. Na umfute kwenye hizo tiketi, kesho tuko watano."

"Kwani ana nini? Presha?"

Mjane aliligeuza gauni.

"Lakini hawarudishi pesa, bibi."

"Wasirudishe."

Mjane aliichukua pasi, akaijaribu kwa kidole kilicholowa mate, akaendelea na kola. Spana aliinama mlangoni kutafuta viatu vyake kati ya viatu vya watoto. Keshokutwa ilikuwa Jumapili. Alifunga kamba ya kwanza, akafunga ya pili, polepole, na hakuna aliyetoka kumsindikiza.